Picha Kumi na Moja kwa Sekunde

Jumatatu, 6 Mei

Cheo kipya! Kuanzia leo mimi ni Msimamizi wa Chumba cha Kompyuta, shule ya udereva. Cheo nimekiandika mwenyewe kwenye karatasi na kukibandika mlangoni, maana Mkurugenzi aliponipa kazi hakutaja cheo chochote. Alichosema ni kwamba hataki kuniona tena ndani ya gari la shule, hata nikiwa abiria. Hiyo ni kwa sababu ya wiki iliyopita, niliporudi nyuma nikaangusha bango la shule. Bango lenyewe lilisimama vibaya. Nimesema mara nne, hakuna anayesikia.

Kompyuta ni mpya. Imekuja na usukani wa plastiki, pedali tatu na mchezo wa kuendesha magari. Wanafunzi wataanzia humo kabla ya kugusa gari la kweli. Wazo la Mkurugenzi, alilisikia mahali. Mashine bado imevaa nailoni yake ya kiwandani, kichwa hadi miguu. Aliyeileta alitaka kuivua, Mkurugenzi akamrukia. Ikabidi atoboe tu matundu ya nyaya. Katika hili mimi na Mkurugenzi tuko kitu kimoja. Viti vya magari yetu yote mawili vina nailoni, na kiti chake cha ofisini vilevile. Akiinuka jengo zima linasikia. Kitu kipya ni nailoni. Ukiivua, umeshaanza kukizeesha.

Mwalimu mwenzangu, tunayemwita Klachi kwa sababu hana habari nyingine duniani ila klachi, alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza kama na mimi nitafunga mkanda kwenye kiti cha ofisi. Jibu nililipata. Kali sana. Tatizo ni kwamba nililipata nikiwa nimeshafika nyumbani.

Halafu habari yenyewe: Mkurugenzi anatafuta mwalimu mkuu. Ijumaa ya tarehe 17 kuna mtihani wa barabarani. Klachi atapeleka mwanafunzi mmoja, mimi mmoja. Mwanafunzi wangu akifaulu, cheo changu. Akianguka, chumba kinafungwa na mimi ninafungiwa nje. Aliyasema haya bila kupepesa.

Jumanne, 7 Mei

Mwanafunzi wangu wa kwanza, na kwa sasa wa pekee: mama mkwe.

Ana lake jambo. Baba mkwe, Mungu amrehemu, aliacha gari uani. Miaka thelathini hakumruhusu mkewe hata kukaa upande wa usukani. Alidai usukani una wivu. Alipofariki gari likafunikwa turubai, na huu ni mwaka wa sita. Sasa shemeji, kaka yake mke wangu, amepata mnunuzi. Anakuja kulichukua Jumamosi ya tarehe 18. Mama akasema haliuzwi, ataliendesha yeye. Shemeji akacheka, akasema mama akipata leseni kabla ya siku hiyo, gari libaki, asipopata, liondoke. Mama akamtaka arudie maneno hayo mbele yetu sote. Akayarudia, huku bado anacheka. Hivyo mtihani ni Ijumaa, mnunuzi ni Jumamosi. Mama ana miaka sitini na miwili, alikuwa mkunga, nusu ya watu wa mtaa huu wamepita mikononi mwake, na hajawahi kushika usukani.

Nikamwambia atulie, yuko mikononi mwa mtaalamu. Mke wangu akapaliwa na chai.

Tumeanza saa tatu asubuhi. Balaa! Picha inaganda. Gari linakwenda, linasimama hewani, linaibukia mbele kama limetupwa. Pembeni ya skrini kuna tarakimu ya kijani inayoonyesha picha ngapi zinachorwa kila sekunde. Kijitabu kinasema sitini ndiyo afya. Yetu: kumi na moja. Mama akizungusha usukani, gari linakaa kimya kwanza, halafu ndiyo linakata kona, na kwa hasira. Akaniuliza kama magari ya kweli nayo yako hivyo. Ningesema hapana, angepoteza imani na chumba changu. Nikamwambia gari lolote lazima lipewe muda wa kutafakari. Ajifunze kukata kona kabla hajaifikia. Akaandika kwenye daftari lake, mwandiko wa wodini, na kupigia mstari.

Jumatano, 8 Mei

Nimegundua sehemu ya mchezo inayoitwa Mipangilio. Loh! Kumbe dunia yote ina vitufe. Kila kitu kinachoonekana kinailemea mashine, na kila kitu kinaweza kuzimwa. Nimezima vivuli. Nani anaendeshea kivuli? Tarakimu ikapanda: kumi na tatu. Nimezima mawingu. Kumi na nne! Nilipiga kelele za furaha. Mkurugenzi akagonga ukuta.

Akagonga tena mchana, safari hii kwa sababu ya feni. Mashine inanguruma kama inapanda mlima. Nikatumia akili. Nimeisogeza kwenye kona, mgongo ukutani, na ubavuni nikaitilia mto wa kochi. Kimya kabisa. Mkurugenzi mwenyewe alichungulia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nadhani ni kwa kuridhika.

Baadaye tarakimu ilishuka hadi tisa. Haihusiani na mto.

Alhamisi, 9 Mei

Fundi wa kompyuta kaja. Binti mdogo, begi limejaa bisibisi, na ananiita mzee. Nina miaka arobaini na mmoja! Aliweka kiganja juu ya mashine akakiondoa haraka. Akasema hapo mtu anaweza kunyooshea mashati. Akaeleza, taratibu mno kwa mtu mwenye cheo kama changu, kwamba kadi ya picha iliyomo ni nzuri kabisa, ila mashine inapumua kwa matundu, na matundu tumeyaziba. Ikishikwa na joto inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Dawa: vua nailoni, toa mto, isogeze mbali na ukuta. Dakika mbili.

Nikamuuliza kama hana kitu cha kitaalamu zaidi. Akasema hana. Nikamweleza sheria ya shule kuhusu nailoni. Akafunga begi, akaniambia pole. Sijui pole ya nini.

Nikapeleka taarifa kwa Mkurugenzi: fundi bado mchanga, anabahatisha. Mkurugenzi aliposikia neno nailoni akasimama wima (tukasikia) na kusema hao ndio zao, wanazitaka wao wakafunikie vitu vyao. Angalau kuna mtu mmoja mwenye akili katika jengo hili mbali na mimi.

Ijumaa, 10 Mei

Mama leo amepita kona saba, zote kabla hazijafika. Nikampongeza. Lakini mjini mchezo ulikwama kabisa. Nikachunguza chanzo, nikakipata. Watu. Wamejaa kando ya barabara, wanabeba mifuko, wanapunga mikono, wengine wamesimama tu hawana kazi. Kila mmoja ana viatu! Mashine inachora viatu vya watu wasiokwenda popote!

Nimewafuta watu.

Kumi na nane! Haijawahi kutokea. Mama akauliza wamekwenda wapi. Nikamwambia ni siku ya mapumziko. Akauliza kama mtihani nao utakuwa siku ya mapumziko. Wakunga wana maswali.

Klachi alichungulia dirishani akitafuna kijiti, akauliza mji huu umepatwa na nini. Nikajitia hamnazo.

Jumamosi, 11 Mei

Nyumbani kwa mama mkwe. Shemeji alikuwepo, anapima matairi kwa macho. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: eti anasikia nimepandishwa cheo, siku hizi ninaendesha kiti. Mke wangu alicheka. Mke wangu mwenyewe! Nilimkumbusha baadaye yuko upande gani. Akasema upande wa mama yake.

Nilikwenda uani kutuliza roho. Turubai lilikuwa linatikisika. Nikafunua pembeni. Mama yumo ndani, gizani mle, ameshika usukani kwa mikono miwili, anakata kona moja baada ya nyingine. Hakuniona. Nilimwacha. Huyu mama lazima apate leseni. Nitafanya lolote. Bado kuna mengi ya kufuta.

Jumatatu, 13 Mei

Kazi, kazi! Asubuhi nimefuta magari mengine yote. Ishirini na mbili. Nikafuta majengo. Ishirini na tano. Nikafuta taa za barabarani, maana zinawaka na kuzimika, zinawaka na kuzimika, hazina uamuzi.

Halafu vioo! Huu ni ubadhirifu mtupu. Kila kioo cha gari kinachora dunia nyingine nzima, ile ya nyuma, ambayo tumeshaipita. Vioo vitatu, dunia tatu! Nimevizima vyote. Sasa ni vipande vyeusi, vimetulia. Tarakimu: thelathini na moja!

Mwisho nikapunguza upeo wa kuona hadi mita arobaini. Mbele ya hapo ni weupe mtupu, kama karatasi. Barabara inazaliwa unavyokwenda. Mama alisema inamkumbusha kazi yake ya zamani, kutojua kinachokuja hadi kifike. Nikalichukulia kama pongezi.

Ameendesha saa nzima bila kosa hata moja. Nimemwandikia alama mia moja. Yeye akatazama karatasi, akatazama skrini, akaniuliza kwa upole angemkosea nani, na barabarani hakuna mtu. Sikuelewa. Nimeshaandaa hotuba ya kupokea cheo. Kurasa mbili. Klachi anatajwa kwa wema, mwishoni.

Jumatano, 15 Mei

Siku mbaya. Jana nilikuwa nang'arisha hotuba, sikuandika. Heri hata leo nisingeandika.

Sheria ya shule: siku mbili kabla ya mtihani kila mwanafunzi aendeshe gari la kweli uani, Mkurugenzi akiangalia. Klachi akakaa pembeni ya mama, kwa kuwa mimi nimepigwa marufuku kukaa ndani ya gari. Mimi nikasimama kwenye ngazi nimefumbata mikono, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Mama akawasha. Akaondoka vizuri. Ikaja kona ya kwanza, yaani ilikuwa bado haijaja, akaikata. Gari la kweli halitafakari. Likaingia moja kwa moja kwenye maua ya Mkurugenzi. Akasimamisha. Klachi akamwambia atazame kioo arudi nyuma. Mama akamuuliza kama vioo vya humu vimewashwa.

Nilimsikia Mkurugenzi akivuta pumzi.

Akarudi nyuma, vizuri tu, huku ameduwaa kioo kina mambo. Mara mfagizi akakatiza na ndoo. Mama akakanyaga breki hadi Klachi akabusu dashibodi. Halafu akatoa kichwa dirishani, akamtazama yule mfagizi juu hadi chini, na kumwambia Klachi kwa sauti ya mshangao kwamba kumbe watu wapo.

Klachi hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alishuka, akanitazama, akaniuliza polepole nilikuwa namfundisha nini yule mama siku zote hizi. Nikamwambia ni mfumo. Akaniuliza mfumo gani. Nikamwambia wa kisasa.

Mama alikaa kwenye benchi la wanaosubiri, daftari mapajani. Hakunilaumu. Alisema tu, kama anaongea na daftari, kwamba Jumamosi gari linaondoka basi, na kwamba marehemu huko aliko lazima anacheka. Alilia kidogo. Nilijisikia vibaya sana. Nilikaa na hisia hiyo muda mrefu, karibu mpaka chai.

Wakati wa chai nilipata wazo.

Alhamisi, 16 Mei

Wazo lilikuwa hili: kama mama anaendesha vizuri kwenye kompyuta, basi mtihani na ufanyike kwenye kompyuta! Mtahini alikuwa anakuja leo kukagua magari ya shule. Mtu mrefu, mkavu, ana kalamu tatu mfukoni. Nilimvizia getini, nikamkaribisha chumbani kuona teknolojia. Nilimwambia nchi zilizoendelea zimeshaachana na barabara.

Akakubali kujaribu! Nilimpa kiti changu. Na ili apate picha nzuri, yenye hadhi, nilirudisha kila kitu. Watu wote. Magari, majengo, mawingu, viatu. Vioo vitatu. Nilipandisha kila kitufe hadi mwisho. Mtu wa serikali huwezi kumwonyesha karatasi nyeupe.

Dakika ya kwanza: kumi na moja. Ya pili: nane. Mtahini akawa anaongea na usukani. Ya tatu: nne. Gari lake liliganda katikati ya kivuko, watu wa kwenye mchezo wamesimama mbele yake mguu mmoja juu, wote, kama wanasali. Harufu ikaanza. Nikamwambia ni ya upya. Ya nne: mbili. Mtahini akageuka kutafuta harufu, akauona mto unafuka moshi. Akauliza kwa nini mashine imevaa nailoni. Nikamwambia ni ya kwake. Nailoni ikaanza kusinyaa na kuteremka ubavuni, tone, tone, kwenye zulia. Skrini ikawa nyeusi.

Mkurugenzi akaingia na ndoo ya maji. Klachi nyuma yake akachomoa waya kwanza, namshukuru kwa hilo, ingawa si kwa maandishi.

Mkurugenzi alitazama nailoni sakafuni. Halafu akasema kuvua alikataza, kupika hakuwahi kufikiria kwamba inabidi akukataze. Chumba kimefungwa. Cheo changu kimebanduliwa mlangoni, na rangi ya mlango imetoka nacho. Kesho nije kwa ajili ya mwanafunzi wangu tu, baada ya hapo tutazungumza. Sikupenda alivyosema tutazungumza.

Sikumwona mama siku nzima. Nilipotoka nikamwona. Barabara ya nyuma ya soko, gari la shule, mama kwenye usukani, Klachi pembeni. Wamepita mbele yangu polepole, wakasimama kivukoni, wakapisha watu kumi na mbili. Nilihesabu. Mama alikuwa akitazama kioo kila baada ya muda mfupi, kama mtu anayehakikisha bado kipo. Nilipomuuliza mke wangu, akasema ni tangu jana jioni, na leo wamekuwa wakitoka tangu asubuhi, kila Klachi akiwa hana kipindi. Klachi ndiye aliyekuja nyumbani kwao kumwomba mama asikate tamaa.

Usaliti! Ndani ya familia! Sikula. Yaani sikuongeza.

Ijumaa, 17 Mei

Mtihani. Mwanafunzi wa Klachi, kijana wa duka la vioo, alitangulia. Akaanguka. Alipita kivuko bila kupunguza mwendo na bibi mwenye kapu akaruka pembeni. Nilihuzunika, kwa muda.

Kisha mama. Alivaa lile gauni lake la kazi la zamani, lenye mifuko. Mtahini akakaa pembeni, kalamu tatu. Nilikuwa getini na mke wangu. Mke wangu alinishika mkono kwa nguvu, nikajua amesahau kwamba amenikasirikia.

Dakika arobaini! Wengine wanarudi baada ya ishirini. Shemeji alipiga simu mara mbili kuuliza kama ameshaanguka. Nilitaka kumjibu vibaya, mke wangu akanyakua simu, akamjibu yeye, vibaya zaidi.

Gari likaonekana. Mama kwenye usukani. Akasimama pale mstarini, sentimita kwa sentimita, akazima, akabaki ameshika usukani. Mtahini akashuka, akaandika, akaandika. Akatuambia katika kazi yake yote hajapata kuona dereva anayewatazama watu hivyo. Kila mtu aliyekanyaga ukingo wa barabara, mama alimsubiri. Alimsubiri mwanamke mjamzito akavuka, akamsubiri arudi kuchukua kiatu. Alimsubiri mtu ambaye hakuwa anavuka, alikuwa anasoma gazeti. Ndiyo sababu walichelewa. Lakini hajakosa kitu. Amefaulu!

Mke wangu alipiga vigelegele hadi Mkurugenzi akatoka nje. Mimi nilimkumbatia mtahini. Hakupenda. Mama alishuka, karatasi ya leseni mkononi, machozi tele, akamshika Klachi mikono yote miwili, akamwambia ahsante mwanangu. Mwanangu! Kisha akaja kwangu, akanivuta pembeni. Alisema tangu siku ya pili alijua kwamba mashine ile haina akili. Aliendelea kuja kwa sababu binti yake alimwomba: bila mwanafunzi hata mmoja ningefukuzwa. Akasema hakutaka binti yake awe mke wa mtu asiye na kazi, maana mtu huyo angeshinda nyumbani. Akanipigapiga shavuni.

Nilifikiria maneno hayo sana. Nimefikia uamuzi kwamba ananipenda.

Halafu nikamwendea Mkurugenzi kudai cheo changu. Mambo ni wazi: mwanafunzi wangu amefaulu, wa Klachi ameanguka. Na nani aliyemfundisha mama thamani ya watu? Klachi alimwonyesha watu kwa siku moja na nusu, jambo ambalo mtu yeyote anaweza. Mimi niliwaondoa kwa siku nne! Bila hizo siku nne asingewashangaa hivyo. Nikasoma hotuba, ukurasa wa kwanza.

Mkurugenzi amempa Klachi. Mimi nitakuwa natunza maua mpaka yaliyokanyagwa yaote upya.

Jumamosi, 18 Mei

Mnunuzi alifika saa nne na shemeji, wamekuja na kamba ya kukokotea. Uani hapakuwa na turubai. Fundi wa magari alikuwa ameweka betri tangu alfajiri. Mama alikuwa ndani, injini inaunguruma, leseni ameibandika kwenye kioo cha mbele ili isomeke kwa nje. Mke wangu pembeni yake. Mimi nyuma, mikononi nina tikitimaji la watu wote, kwa vile buti haifunguki.

Shemeji alisimama mbele ya gari ameinua mkono. Mama akamsubiri. Injini inanguruma, mama anamsubiri tu, anamtazama kwa subira ileile ya jana, kama mtu mwingine yeyote anayevuka. Mnunuzi akatazama saa. Shemeji akamtazama mnunuzi. Mwisho akashusha mkono, akapisha, na mama akampungia akatoka getini.

Jamani, tulizunguka mji mzima! Mama anaimba. Mke wangu analia na kucheka. Nilitoa kichwa dirishani na nikafurahi kama mtoto, kweli kabisa, sikumbuki lini nilifurahi hivyo. Na picha! Laini ajabu, haigandi hata kidogo, upeo unafika hadi milimani.

Lakini mwendo, hapana. Nusu saa kutoka soko hadi posta. Nikaanza kutazama kwa jicho la kitaalamu, nikaona tatizo lilipo. Watu wengi mno. Miti kila upande, mingine haina hata kazi. Majengo hadi ghorofa ya nne, vivuli kila mahali, na hayo mawingu. Ajabu hakuna mtu aliyewahi kulishughulikia hili. Nimemaliza kuandika barua kwa mkurugenzi wa mji, kurasa tatu, ina mapendekezo. Nimeshauri waanze na miti.